UPINZANI USIAZIME UPANGA: IBRA YA WAJAPANI

Ndugu Wanachama,

Nawaombeni mnipe masikio yenu kwa jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza litaonekana ni la mbali, kwani ni la nchi ya Japani, lakini ndani yake mna ibra kubwa kwa kila chama kisichoshika serikali. Jambo lenyewe limo katika neno moja la Kijapani, nalo ni "bunmin". Ukiliongezea neno "tosei", lenye maana ya kudhibiti, unapata "bunmin tosei", yaani majeshi kuwa chini ya amri ya watu wasiokuwa askari.

Nimelichagua neno hili kwa sababu katika mabaraza yetu, khasa siku za ghadhabu baada ya kura kuhesabiwa, husikika baadhi ya watu wakisema: "Hapana dawa tena ila askari waingie kati." Wasemao hivyo si watu wabaya. Wamechoka. Lakini wanachokitamani ni sumu, na Wajapani waliinywa sumu hiyo mpaka tone la mwisho. Tena, na hili ndilo khasa nitakalo kulieleza, waliomimina sumu ile hawakuwa askari peke yao. Miongoni mwa walioinua kikombe mbele ya watu walikuwa viongozi wa chama cha upinzani.

LILIVYOZALIWA NENO

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, Japani ilikuwa imeshindwa, miji yake imeungua, na watu wake wapatao milioni 3 wamekwisha kufa, mbali na mamilioni ya Wachina na watu wa mataifa mengine ya Asia waliohiliki kwa vita vya majeshi yake. Mwaka uliofuata ikaandikwa Katiba mpya, na kifungu chake cha 9 kikaikataa vita. Lakini Tume ya Mashariki ya Mbali, iliyokuwa na wajumbe wa mataifa 11 yaliyopigana na Japani, ilitia shaka. Je, siku moja jeshi likirudi kwa mlango wa uani? Tume ikataka liandikwe sharti kwamba Waziri Mkuu na mawaziri wote wawe ni watu wasiokuwa wanajeshi.

Hapo ndipo waandishi wa Kijapani walipokwama. Katika lugha yao hapakuwa na neno moja lililokubalika la kumwita mtu wa namna hiyo. Askari alikuwa na jina lake, na mkulima, na mfanya biashara, na karani vile vile. Lakini jina la kuwakusanya wote wasiokuwa askari, kwa maana ya watu wenye haki ya kumwamrisha askari, halikuwako. Baraza la Malodi, lililokuwa likiupitia mswada, likayapima maneno mbali mbali na mwisho likaunda neno jipya. "Bun" ni maandishi na elimu, na kinyume chake ni "bu", yaani silaha na vita. "Min" ni watu. Kwa hiyo bunmin ni watu wa kalamu. Katiba ikatangazwa tarehe 3 Novemba 1946, ikaanza kutumika tarehe 3 Mei 1947, na katika kifungu cha 66 imeandikwa mpaka leo kwamba Waziri Mkuu na mawaziri wenzake lazima wawe bunmin.

Zingatieni jambo hili. Taifa lenye wanazuoni na vyuo vikuu, lililokuwa na Bunge tangu mwaka 1890, lilikosa neno la namna hiyo. Sisi wenye maduka tunayo majina ya kila kipimo tunachopimia, kwa sababu twakitumia kutwa. Wajapani walilikosa neno kwa sababu jambo lenyewe hawakuwa nalo.

Na sisi Waswahili husema "raia". Neno hilo tumelipata kwa Waarabu, na asili yake ni kundi linalochungwa. Mchunga ni "rai", na kundi lake ni "raiya". Mjapani alipotafuta neno alisema mtu wa kalamu, sisi neno letu lasema mwenye kuchungwa. Sisemi tuliache neno letu, kwani tumelizoea na maana yake imekua. Nasema tu kwamba yatupasa tujihadhari tusije tukaishi kwa maana yake ya zamani.

MLINZI ASIYEULIZWA

Tuangalie sasa vipi upanga ulipata kujitawala wenyewe katika nchi ile. Mwaka 1878 makao makuu ya jeshi la nchi kavu yalitengwa na Wizara, yakawa na mkuu wake mwenyewe mwenye kumwendea Mfalme moja kwa moja. Katiba ya mwaka 1889, katika kifungu cha 11, ikasema kwamba Mfalme ndiye amiri wa majeshi yote. Haki hiyo ya Mfalme waliiita "tosuiken". Kwa maneno ilikuwa haki ya Mfalme, lakini Mfalme hakuwa akiamua mambo ya vita kwa kichwa chake peke yake, bali kwa shauri la majenerali na maadmirali. Basi wao wakasema: katika amri ya vita sisi tuko chini ya Mfalme tu, si Waziri Mkuu wala Bunge mwenye haki ya kutuuliza.

Mfano wake ni duka lenye mlinzi wa usiku aliyeajiriwa kulinda mlango. Siku moja mlinzi akasema: "Mimi sipokei amri ya mtu dukani humu, napokea amri ya tajiri tu." Na tajiri yuko ghorofani, haonekani wala hasikiki, na hapana apandaye kumwendea ila mlinzi. Nani basi mwenye duka?

Mwaka 1900 waliongeza sharti jingine dogo, nalo ndilo lililokuwa kufuli. Serikali ya Yamagata Aritomo, naye alikuwa jenerali mkubwa, iliamua kwamba Waziri wa Jeshi la nchi kavu na Waziri wa Jeshi la bahari lazima wawe majenerali au maadmirali walio kazini. Sharti hilo halikuhitaji kumwaga damu ili kuiangusha serikali. Ilitosha waziri mmoja kujiuzulu, na jeshi likakataa kutoa mwingine. Mwaka 1912 jeshi lilitaka vikosi vikubwa viwili zaidi kwa ajili ya Korea. Waziri Mkuu Saionji Kinmochi akasema fedha hazipo. Waziri wa Jeshi, Uehara Yusaku, akajiuzulu, jeshi likakataa kumtoa wa kushika nafasi yake, na serikali nzima ikaanguka.

Watu walighadhibika, wakajaa majiani, na mwaka 1913 sharti likalegezwa. Hii ni dalili kwamba raia wa Kijapani hawakuwa wamelala siku zote. Kwa muda wa miaka kadha wa kadha vyama viwili vikubwa, Seiyukai na Minseito, vikawa vinapokezana serikali, na ilionekana kama nchi inakwenda katika njia ya watu wa kalamu.

CHAMA KILICHOAZIMA UPANGA

Tumefika mwaka 1930. Serikali ilikuwa mikononi mwa Minseito, na Waziri Mkuu alikuwa Hamaguchi Osachi. Seiyukai ndicho kilichokuwa chama cha upinzani, na kiongozi wake alikuwa mzee Inukai Tsuyoshi, mtu aliyekuwa Bungeni tangu uchaguzi wa kwanza wa mwaka 1890 na aliyejulikana kwa ulimi mkali na kwa kupigania haki za Bunge.

Mwezi wa Aprili mwaka ule Japani ilitia sahihi mapatano ya London ya kupunguza merikebu za vita. Wakuu wa jeshi la bahari walitaka sehemu 7 kwa kila 10 za Marekani. Mapatano yaliwapa karibu na hizo kwa jumla, lakini katika kruza kubwa walipata 6 tu kwa 10. Hamaguchi aliona kwamba nchi ni maskini, biashara ya ulimwengu imeporomoka, na fedha ya kujenga merikebu haipo. Akatia sahihi, ijapokuwa mkuu wa makao ya jeshi la bahari, Admirali Kato Kanji, hakuridhika.

Je, upinzani ulifanya nini? Ungeweza kusema mapatano ni mabaya kwa sababu hii na hii, na hiyo ni haki ya kila upinzani. Ungeweza kuihoji hesabu ya fedha. Lakini Inukai na mwenzake Hatoyama Ichiro waliona jiwe zito zaidi la kumpigia adui. Walisimama Bungeni wakadai kwamba serikali imeinajisi tosuiken, imeingilia haki ya Mfalme ya kuamrisha majeshi, kwa sababu imeamua idadi ya merikebu bila ya ridhaa ya wakuu wa vita. Tafsiri ya maneno hayo ni moja tu: kwamba watu waliochaguliwa kwa kura hawana haki ya kumkatalia askari.

Fikirini vizuri, ndugu zangu. Wabunge, ndani ya Bunge, walisimama kuithibitisha hoja ya kwamba Bunge halina neno juu ya jeshi. Walifanya hivyo ili wamwangushe Waziri Mkuu mmoja. Jiwe walilolirusha halikurudi tena mikononi mwao. Liliokotwa na kila mwenye bunduki na kila kijana mwenye chuki. Tarehe 14 Novemba 1930 Hamaguchi alipigwa risasi katika kituo cha reli cha Tokyo na kijana wa kundi la wenye siasa kali za uzalendo, na mwezi wa Agosti 1931 akafariki kwa jeraha hilo.

Haukupita mwezi mmoja baada ya kifo chake, maofisa wa jeshi la Kijapani lililokuwa Manchuria walitega baruti katika njia ya reli karibu na Mukden usiku wa tarehe 18 Septemba 1931, wakawasingizia Wachina, wakaanza vita. Serikali ya Tokyo ilisema vita visienezwe, jeshi likavieneza. Jeshi lililokuwa Korea likavuka mpaka bila ya kungoja amri. Nani angewauliza, ilhali Bungeni kwenyewe kulikwisha kusemwa kwamba amri ya jeshi haiulizwi?

Mwezi wa Disemba 1931 Seiyukai ilipata ilichokitaka. Inukai akawa Waziri Mkuu, na sasa zamu ikawa yake ya kujaribu kulizuia jeshi. Tarehe 15 Mei 1932 vijana wa jeshi la bahari pamoja na wanafunzi wa chuo cha kijeshi waliingia katika nyumba yake ya kazi. Mzee alikuwa na umri wa miaka 76. Inasimuliwa kwamba alitaka wakae wazungumze, nao hawakuja kuzungumza. Walimpiga risasi, akafa usiku ule ule.

Silisemi hili kwa kumcheka maiti. Inukai alikuwa mtu mkubwa, na kufa kwake kulikuwa dhulma. Lakini Waswahili walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Baada yake akawekwa admirali, Saito Makoto, na tangu siku hiyo hadi vita vilipokwisha mwaka 1945 hapakuwa tena na chama kilichounda serikali Japani, si Minseito wala Seiyukai. Waliokuwa wakigombania kiti, wote wawili walikikosa.

WALISEMA WANATETEA MASKINI

Najua atatokea mtu aseme: "Lakini askari wale walikuwa na hoja. Matajiri walikuwa wakila rushwa, na wakulima wakifa njaa." Ni kweli. Katika mikoa ya kaskazini ya Japani miaka ile wakulima waliteseka sana, wengine wakauza binti zao kwa ajili ya deni. Vijana wale wenye bunduki waliyasema hayo, na watu wengi wakawaonea huruma. Waliomwua Inukai waliposhitakiwa, barua za kuwaombea msamaha zilimiminika mahakamani kutoka kila upande wa nchi, na hapana ofisa hata mmoja kati yao aliyehukumiwa kifo.

Matokeo ya huruma hiyo yalionekana tarehe 26 Februari 1936. Askari zaidi ya 1,400 waliongozwa na maofisa vijana kuiteka sehemu ya kati ya mji wa Tokyo katika theluji. Walimwua Takahashi Korekiyo, Waziri wa Fedha, mzee wa miaka 81, ambaye kosa lake lilikuwa kukataa kuongeza fedha za jeshi. Walimwua Saito Makoto, yule admirali aliyekuwa Waziri Mkuu baada ya Inukai. Walimwua Jenerali Watanabe Jotaro, askari mwenzao. Waziri Mkuu Okada Keisuke alipona kwa kuwa walimwua shemegi yake wakidhani ndiye yeye.

Uasi ule ulizimwa kwa siku chache na viongozi wake wakauawa. Je, jeshi lilidhoofika? La hasha! Jeshi lilisema kwa kinywa kipana: msipotupa tutakacho, mmeona vijana wetu wanavyoweza kufanya. Mwezi wa Mei mwaka ule ule Waziri Mkuu Hirota Koki, aliyekuwa balozi na mtu wa kalamu kabisa, akalirudisha lile sharti la mwaka 1900 la waziri wa jeshi kuwa askari aliye kazini. Kufuli likafungwa tena. Mwaka 1937 Ugaki Kazushige alipewa kazi ya kuunda serikali akashindwa, kwa sababu jeshi halikumpa waziri, ijapokuwa yeye mwenyewe alikuwa jenerali. Mwaka 1940 serikali ya Yonai Mitsumasa ilianguka kwa njia hiyo hiyo. Oktoba 1941 Jenerali Tojo Hideki akawa Waziri Mkuu hali akiwa askari kazini, na Wizara ya Jeshi ameishika yeye. Na mwaka 1944 akaongeza na ukuu wa makao makuu ya jeshi. Mlinzi alikuwa ameshika funguo, daftari na mizani.

Ama yule mkulima aliyetetewa kwa risasi, mwanawe alipelekwa Uchina na visiwa vya Pasifiki kufa, na mpunga wake ukachukuliwa kulisha vita. Na Hirota, mtu wa kalamu aliyelirudisha sharti, alinyongwa mwezi wa Disemba 1948 pamoja na Tojo na majenerali wengine watano kwa hukumu ya mahakama ya mataifa yaliyoshinda. Katika wale saba waliouawa, yeye peke yake hakuwa askari.

MTU MMOJA NA ULIMI WAKE

Sasa nataka niwasimulieni mbunge mwingine, kwani haitoshi kujua jambo lisilofaa kufanywa. Jina lake ni Saito Takao, kutoka mkoa wa Hyogo. Asichanganywe na yule admirali. Tarehe 2 Februari 1940, vita vya Uchina vikiwa katika mwaka wa tatu, Saito alisimama Bungeni akasema kwa muda wa saa nzima na zaidi. Aliwauliza wakubwa: vita hivi makusudio yake ni nini, vitakwisha vipi, na hizi damu za watu wetu mnazisitiri kwa maneno matukufu mpaka lini? Hakuwa na bunduki wala hakumtishia mtu. Aliuliza hesabu, kama mtu anavyouliza hesabu ya mali yake.

Jeshi lilighadhibika. Sehemu kubwa ya hotuba yake ikafutwa katika kumbukumbu za Bunge. Mwezi wa Machi Bunge lenyewe lilipiga kura kumfukuza. Waliomtetea kwa kura walikuwa 7 tu, na 144 hawakupiga kura. Na katika mwaka huo huo vyama vyote vikajivunja vyenyewe, kimoja baada ya kimoja, vikaingia katika jumuiya moja ya kuunga mkono serikali. Hivyo ndivyo wanasiasa walivyojizika kwa mikono yao.

Lakini ulipokuja uchaguzi wa mwaka 1942, katikati ya vita, serikali ikawapendekeza wagombea wake na kuwabana wengine, Saito alisimama bila ya kupendekezwa. Watu wa Hyogo wakamrudisha Bungeni kwa kura nyingi kuliko wenzake wote wa jimbo lake. Watu wa vijijini, chini ya macho ya polisi, walikumbuka ni nani aliyewaulizia hesabu. Na Katiba mpya ilipotiwa sahihi mwaka 1946, ile iliyo na neno bunmin, Saito Takao alikuwa waziri, na sahihi yake imo miongoni mwa sahihi za mawaziri.

Basi linganisheni wapinzani wawili, wa mwaka 1930 na wa mwaka 1940. Mmoja aliazima hoja ya upanga akapata kiti kwa miezi mitano, kisha upanga ukamgeukia. Wa pili alikuwa na ulimi tu, akafukuzwa, na watu wakamrudisha.

NENO PEKE YAKE HALILINDI MLANGO

Isidhaniwe kwamba neno lilipokwisha kuandikwa kazi ilikuwa imekwisha. Vita vya Korea vilipoanza mwaka 1950, Jenerali MacArthur wa Marekani, aliyekuwa akiitawala Japani, aliagiza liundwe jeshi la polisi wa akiba wa watu 75,000. Mwaka 1954 likawa Jeshi la Kujihami, ambalo lipo hadi leo. Safari hii sheria imemfanya Waziri Mkuu kuwa amiri mkuu. Waziri anayelisimamia lazima awe bunmin. Fedha zake hupitishwa na Bunge. Na amri ya kulitoa kupigana yataka idhini ya Bunge. Mwaka 1965 serikali ilibainisha kwamba mtu aliye kazini katika Jeshi hilo hahesabiwi kuwa bunmin.

Na juu ya yote hayo, mlango umejaribiwa mara nyingi. Mwezi wa Februari 1965 Okada Haruo, mbunge wa Chama cha Kisoshalisti, ambacho kilikuwa chama cha upinzani, alifichua Bungeni kwamba mwaka 1963 maofisa wa jeshi walifanya uchunguzi wa siri ulioitwa Mitsuya, wa nini kifanyike vita vikirudi Korea, na ndani yake walipanga hata sheria za dharura ambazo Bunge lingepitishwa mbio mbio. Askari kupanga vita ni kazi yake. Lakini kulipangia Bunge si kazi yake, na aliyelisema hilo hadharani alikuwa mpinzani.

Julai 1978 mwenyekiti wa baraza la wakuu wa majeshi, Kurisu Hiroomi, alisema kwamba nchi ikivamiwa ghafula, huenda jeshi likalazimika kutenda nje ya sheria. Hakupiga risasi wala hakuasi, alisema tu. Akaondolewa kazini. Oktoba 2008 mkuu wa jeshi la anga, Tamogami Toshio, aliandika makala ya kukanusha kwamba Japani ilikuwa nchi ya kuvamia wengine, kinyume na msimamo wa serikali aliyoitumikia. Naye akaondolewa. Wako wanaoona ni ukali uliozidi. Lakini taifa lililoona maneno ya mwaka 1930 yakigeuka risasi halingoji risasi mara ya pili.

Hata askari wenyewe walijifunza. Novemba 1970 mwandishi maarufu Mishima Yukio aliingia katika kambi ya Ichigaya, Tokyo, akasimama barazani juu na kuwataka askari waiasi Katiba. Askari walimzomea. Akarudi ndani akajiua.

Kisa kingine kilitokea katika Afrika yetu ya Mashariki. Japani ilipeleka askari wa ujenzi Juba, Sudan ya Kusini, chini ya Umoja wa Mataifa. Julai 2016 mapigano makali yalizuka mjini humo, na askari wale wakaandika katika taarifa zao za kila siku neno "mapigano". Serikali ya Tokyo haikulipenda neno hilo, kwani Katiba haiwaruhusu askari wake kukaa penye vita vya namna hiyo. Taarifa zilipoombwa na watu, Wizara ikajibu kwamba zimekwisha kutupwa. Baadaye zikaonekana zipo. Wapinzani hawakuacha kuuliza Bungeni, magazeti hayakuacha kuandika, na mwezi wa Julai 2017 Waziri wa Ulinzi, Inada Tomomi, akajiuzulu pamoja na wakubwa wa Wizara na wa jeshi. Hapa yaonekana kwamba hata bunmin anaweza kuficha. Mtu wa kalamu akificha daftari, hana tofauti kubwa na mlinzi aliyeficha funguo.

LINALOTUPASA

Ndugu Wanachama, kumdhibiti mwenye silaha si mali ya serikali peke yake. Ni mali ya nchi nzima, na upinzani una fungu lake humo: fungu la kuuliza. Nayaona mambo matatu yanayotupasa.

La kwanza, tusimwombe askari aje kutuamulia hesabu zetu na serikali, hata tukiwa tumedhulumiwa. Mwenye kuja na bunduki kwa ajili yako leo, kesho hatakuuliza wewe aondoke lini. Na mgombea wetu akilisema neno hilo jukwaani ili apigiwe makofi, tumwambie papo hapo ashuke.

La pili, tuzijue fedha. Takahashi aliuawa kwa sababu ya mfuko. Penye bajeti ya majeshi, wawakilishi wetu waisome kama tunavyosoma bili ya mzigo bandarini, mstari kwa mstari, wala wasitishwe na neno "siri" kwa kila kitu. Viko vya siri, lakini bei ya viatu vya askari si siri.

La tatu, tusimwache peke yake anayeuliza. Kilichowaponza Wajapani mwaka 1940 si uchache wa watu 7 waliomtetea Saito. Ni wingi wa wale 144 waliokaa kimya huku wakijua haki iko wapi. Mwenzetu akiitwa haini kwa kuwa ameuliza swali la haki, na tuwe karibu naye siku hiyo hiyo, tusingoje upepo ugeuke.

Wajapani walilipa roho milioni 3 kabla ya kulipata neno bunmin. Sisi tumelisoma bure. Tusijifanye hatukusoma.

Wassalaam.

Ni mimi ndugu yenu,
MWENYE DUKA